Namna ya kusoma ukurasa wa jeni bila kudanganywa na jina lake: tumtumie APOBEC3G kama mfano

Kilichonifanya niandike hii kitu ni aibu niliyoipata wakati naanza maabara. Niliambiwa niandae dakika kumi tu za kuelezea jeni moja, APOBEC3G, nikaingia mtandaoni usiku, nikapitia ile aya ya muhtasari haraka haraka huku nimesinzia, asubuhi nikasimama mbele ya watu nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba hii protini inahariri RNA ya virusi vya UKIMWI. Mkubwa wetu mmoja akauliza swali moja, tena kwa upole: "RNA ipi hiyo, na nani aliiona ikihaririwa?" Aisee. Chumba kilitulia mpaka nikaanza kusikia feni inavyolia.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaosoma maabara, udaktari, baiolojia, na hata wewe uliyekutana na hilo jina kwenye habari za VVU ukagugo ukakuta namba na vifupisho ukafunga simu ukalala, leo tunafungua ukurasa wa jeni kidogo kidogo, na mfano wetu ni huyo huyo aliyeniumbua.

Mahitaji ni machache. Simu inatosha ila laptopu ni raha zaidi maana kuna mahali tutahesabu herufi moja moja. Kurasa zote nitakazotaja ni za bure, hujisajili wala hulipii, na kwa vile ni maandishi tu bando haliumii, isipokuwa ukianza kuzungusha zile picha za protini, hapo bando litakukimbia. Chukua na kalamu, sitanii.

Tuanze na jina, ila usiliamini.

APOBEC ni kifupisho cha sentensi nzima ya Kiingereza, ukikifungua unapata kitu kama "kimeng'enya kinachohariri mRNA ya apolipoprotini B, kile kipande chenyewe kinachofanya kazi" (mRNA ni nakala ya jeni ambayo seli inaisoma kutengeneza protini). Mtu akishasoma hapo anaona kamaliza, kazi imeandikwa kwenye jina, anataka nini tena. Ndo kosa nililofanya mimi. Hilo jina ni la kaka mkubwa wa ukoo, APOBEC1, ambaye wala hakai mtaa mmoja na APOBEC3G, yeye yuko kromosomu ya 12. Na kwake jina ni la haki kabisa. Ini letu likitumia jeni ya apolipoprotini B linatoa protini ndefu sana, asidi amino 4,536, inaitwa B100, hiyo ndo inabeba kolesteroli ya LDL kwenye damu. Sasa kwenye utumbo mwembamba APOBEC1 anaidaka mRNA ya jeni hiyo hiyo, yenye herufi kama 14,000, anabadilisha herufi moja tu, C inakuwa U. Kodoni, yaani herufi tatu zinazosomwa pamoja, ile ya 2153 ilikuwa CAA inageuka UAA, na UAA kwa lugha ya seli ni simama, kwa hiyo protini inakatikia kwenye asidi amino 2,152, inatoka fupi, B48, ambayo ndo inafungasha mafuta ya ile chapati uliyokula asubuhi. Jeni moja protini mbili, na tofauti ni herufi moja. Jambo hili lilijulikana 1987, na APOBEC1 mwenyewe akapatikana 1993.

Baadaye watu wakaanza kukuta jeni nyingine zinazofanana naye kwa sura, wakazipa jina la ukoo kabla hata hawajajua zinafanya nini. Ni kama majina yetu tu, mtu anaitwa Masika kwa sababu alizaliwa mvua zinanyesha, mwingine Tabu, mwingine Shida, na huyo Shida ukimkuta ana nyumba tatu na fuso mbili huwezi kumwambia mbona hufanani na jina. Jina linakumbuka siku ya kuzaliwa. Kwa binadamu ukoo huu una watu 11: AID, APOBEC1, APOBEC2, zile APOBEC3 ziko saba, na APOBEC4. Kazi zao hazifanani, AID kwa mfano yuko kwenye seli B anachokonoa DNA ya jeni za kingamwili ili kinga ya mwili ipate silaha za aina tofauti tofauti.

Haya, fungua NCBI, hifadhidata ya Marekani ya mambo ya jeni, chagua sehemu ya Gene, na usiandike jina, andika namba: 60489. Kwanini namba? Kwa sababu ukiandika jina unaletewa na binadamu na sokwe na nyani na kila kitu, halafu kwa haraka unabonyeza wa kwanza. Mimi kuna siku nilikaa karibu saa nzima nashangaa kwanini urefu haulingani na vitabu, kumbe nasoma ya panya. Ujanja mdogo: jeni ya binadamu inaandikwa herufi kubwa zote, APOBEC3G, ya panya inaanza na kubwa halafu ndogo, Apobec3. Na ukiangalia vizuri utaona ya panya haina herufi ya mwisho, maana panya anayo moja tu ya aina hiyo wakati sisi tunazo saba. Ukifika kwenye ukurasa, jambo la kwanza kabla ya kusoma chochote, hakikisha pameandikwa Homo sapiens. Basi.

Chini kidogo kuna sehemu ya majina mengine. Watu wanairuka, usiiruke. Pale utakuta A3G, ambalo ndo watu wa maabara wanalitumia kila siku, na utakuta CEM15. Hilo CEM15 lina stori yake. Kulikuwa na aina mbili za seli za maabara zilizotoka chanzo kimoja, CEM na CEM-SS. Ukiwa na kirusi cha VVU kilichonyang'anywa protini yake moja inaitwa Vif, kirusi hicho kikitengenezewa ndani ya CEM kinatoka kibovu, hakiambukizi, lakini kikitengenezewa ndani ya CEM-SS kinatoka kizima. Sasa ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana kitu mwenzake hana. Ann Sheehy na wenzake kwenye maabara ya Michael Malim wakalinganisha zinachotengeneza hizo seli mbili, wakatoa vinavyofanana, wakabaki na jeni iliyopo kwenye CEM na haionekani kwenye CEM-SS, wakaiingiza kwenye CEM-SS na zenyewe zikaanza kutoa virusi vibovu. Hiyo ilikuwa 2002. Kwa hiyo ukitafuta makala za miaka ile kwa jina la APOBEC3G peke yake unakosa nyingine nzuri kabisa, tafuta na CEM15. Hii ni kwa jeni yoyote, nakili majina yote ya zamani kwenye karatasi yako kabla hujaanza kutafuta makala.

Halafu anwani: 22q13.1. Watu wanaiogopa bure. 22 ni kromosomu, q ni mkono mrefu (mfupi unaitwa p), na 13.1 ni namba ya ukanda kwenye huo mkono, ukihesabu kutoka katikati kwenda nje. Shuka mpaka kwenye ule mchoro wa majirani, hapo utawaona ndugu wamejipanga kama vibanda vya stendi: A3A, A3B, A3C, A3D, A3F, A3G, A3H. Ukiuliza E yuko wapi ni swali zuri, mwanzoni walidhani D na E ni jeni mbili, ikaja kuonekana ni moja, ndo maana kwenye makala za zamani unakuta imeandikwa 3DE. Kujipanga hivyo kunakuambia kitu: hizi zimetokana na jeni kujirudufu tena na tena kwenye ukoo wetu, ndo maana panya kabaki na moja.

Sasa tumefika kwenye ile aya ya Summary, na hapa naomba utulie maana ndo iliniponza. Usisome majina kwenye ile aya, soma vitenzi. Mle ndani kuna mambo ya aina mbili yamechanganywa kwenye aya moja fupi. Yapo yaliyosemwa kwa uhakika: hii jeni ni ya familia ya vimeng'enya vinavyoondoa kikundi cha amino kwenye sitidini (ile herufi C), iko kwenye kundi la jeni saba kromosomu 22, zinafanana kwa umbo na APOBEC1, na protini yake imeonekana inazuia VVU-1. Halafu yapo ya "inadhaniwa" na "huenda": inadhaniwa protini hizi huenda ni wahariri wa RNA. Hiyo "inadhaniwa huenda" mimi niliisoma nikaitamka "ni". Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi cha kusitasita, na kila ukikuta kimoja ujue hapo ndo pa kwenda kutafuta makala zilizokuja baadaye. Aya hizi zinaandikwa siku moja na zinaweza kukaa miaka bila kuguswa, wakati sayansi yenyewe inakimbia.

Na iliyokuja baadaye ni hii. Mwaka 2003 makundi kadhaa ya watafiti, kila moja kivyake, wakaonyesha kwamba A3G anachohariri ni DNA, tena DNA ya uzi mmoja. Inakwenda hivi: kirusi kinapotengenezwa ndani ya seli, A3G anapanda ndani yake kama abiria asiye na tiketi. Kirusi kinaenda kuingia seli nyingine, kinaanza kugeuza RNA yake kuwa DNA, na uzi wa kwanza wa DNA ukitoka tu, uko uchi peke yake, A3G anaupitia anageuza C kuwa U. Uzi wa pili unapotengenezwa kwa kunakili huo wa kwanza, mahali palipotakiwa G panawekwa A. Kwa hiyo ukija kusoma jeni za kirusi unaona G nyingi zimegeuka A, na kirusi chenyewe kimekufa kwa makosa ya uandishi. RNA ya kirusi haikuguswa herufi hata moja. Hilo ndo lilikuwa jibu la yule mkubwa.

Ila usikimbilie upande wa pili ukasema RNA hawaigusi kabisa. Ndugu yake A3A alionekana 2015 akihariri mRNA kwenye monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) zikikosa oksijeni au zikipewa interferoni (protini ya kuamsha kinga), na 2016 ikaonekana hata A3G mwenyewe akitengenezwa kwa wingi kwenye seli za maabara anabadilisha herufi kwenye baadhi ya mRNA za seli. Kwa hiyo ukiulizwa, sema hivi: ukoo unaitwa wa kuhariri RNA, kazi ya A3G inayojulikana vizuri ni kwenye DNA ya uzi mmoja ya kirusi, na kuhariri RNA kumeonekana kwenye mazingira fulani. Ndefu kidogo, najua.

Tuingie kwenye protini. Nenda UniProt, hifadhidata ya protini, andika Q9HC16, halafu bonyeza FASTA. Utapata maandishi matupu, mstari wa kichwa unaoanza na alama ya mshale, halafu herufi. Kila herufi ni asidi amino moja. Mistari imekatwa kila baada ya herufi 60, na hii protini ina 384, kwa hiyo mistari sita iliyojaa na wa saba wenye herufi 24. Hesabu uhakikishe, kama hazijafika hizo umekopi vibaya. Nakushauri utumie FASTA na sio ile sikwensi (mpangilio wa herufi) iliyopambwa kwenye ukurasa, ile ina nafasi kila baada ya herufi kumi na ukitafuta neno ndani yake unaambiwa halipo wakati lipo.

Sasa tafuta SWSPC. Ctrl na F. Utaipata mara mbili, mstari wa pili na mstari wa tano. Hapo umeshajua jambo kubwa bila kumuuliza mtu: protini ina vyumba viwili vinavyofanana. Familia hii yote inatambulika kwa alama moja, H, kisha herufi yoyote, kisha E, halafu unaruka herufi 23 mpaka 28, unakuta P na C zimefuatana, unaruka mbili mpaka nne, unakuta C nyingine. Ile H na zile C mbili zinashika chembe ya zinki, na E ndo inayosaidia maji yaingie yang'oe kikundi cha amino kwenye C iwe U. Jaribu mwenyewe. Mstari wa pili unaanza na ELKYH, hiyo H ni namba 65, inafuata P halafu E namba 67, ruka 28 unakuta PC. Mstari wa tano unaanza na FLCNQ, hesabu mpaka herufi ya 17 utakuta H namba 257, kisha A, kisha E namba 259, ruka 27, PC tena. Mimi nilivyofanya hivi mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto, maana hiyo ni alama ambayo nilikuwa naiona kwenye slaidi za watu kama hirizi, kumbe unaweza kuihesabu kwa kidole.

Lakini vyumba viwili kufanana haimaanishi vinafanya kazi sawa, na hapa ndo pa kushuka kwenye sehemu ya UniProt inayoorodhesha majaribio ya kubadilisha herufi. Ukiharibu E ya 259, protini inaacha kuhariri. Chumba cha kwanza chenyewe hakihariri pamoja na kwamba kina alama yote kamili, hicho kazi yake ni kushika RNA na kumpakiza A3G ndani ya kirusi. Yaani sura ya fundi anayo, nyundo hapigi. Kwa hiyo ukikuta alama ya familia kwenye protini usitangaze kazi, tafuta jaribio.

Herufi nyingine ya kuitafuta ni namba 128, iko mstari wa tatu, ya nane kutoka mwanzo, baada ya ARLYYFW. Kwetu ni D. Kwa tumbili wa kijani wa Afrika, ukoo mmoja na hawa tumbili wetu wanaotuibia mahindi shambani, pale pana K. Na hiyo herufi moja ndo inaamua ugomvi wa A3G na Vif. Vif ya VVU-1 inamshika A3G wa binadamu, inaita protini nyingine za seli yetu wenyewe, CBF-beta na Kulini 5 na Elongini, anabandikwa ubikuitini kama stika ya "beba taka", anapelekwa kwenye proteasomu anasagwa. Ndo maana VVU inatuweza pamoja na kwamba tunayo silaha. Wa tumbili haishikiki na hiyo Vif. Mwaka 2004 ikaonyeshwa kwamba ukibadilisha D ya binadamu iwe K, Vif ya VVU-1 inashindwa kumwangusha. Protini nzima ya herufi 384, na mlango ni mmoja. Mimi nikifika hapa huwa nasimama kidogo.

Mwaka 2023 zikatoka picha za A3G na Vif na CBF-beta wakiwa wameshikana, zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni kwenye baridi kali, na katikati yao wamekuta nini? RNA. Ipo pale kama gundi kati ya A3G na Vif. Kwa hiyo RNA kwenye jina la ukoo haikwepeki kabisa, inarudi kwa mlango wa nyuma.

Haya tuje kwenye matumizi, maana najua kuna mtu anasema sawa ila mimi nipo maabara ya VVU nasoma vipimo vya usugu wa dawa, hii inanisaidia nini. Inakusaidia sana. Kwenye damu ya mgonjwa kuna virusi vilivyouawa na hawa jamaa, DNA zao zimebaki zimelala ndani ya seli. Ukipima RNA ya kwenye plazma huvioni sana kwa sababu maiti hawazai, lakini sampuli yenye seli, ikiwemo tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, PCR, ile njia ya kuzidisha DNA ili isomeke, inaweza kuokota hizo DNA. Sasa sikwensi ikitoka, fanya hivi. Kwanza pitia kodoni za TGG, hiyo ni triptofani. Zikiwa zimegeuka TAG, ambayo ni simama, ona mbili au tatu hivi katikati ya jeni ya polimerasi, jua unasoma maiti, kirusi hai hakiwezi kuwa na simama katikati ya jeni hiyo. Pili, angalia herufi inayofuata baada ya kila G iliyogeuka A. A3G anapenda C iliyotanguliwa na C, kwa hiyo upande wa pili utaona GG imekuwa AG. Kama ni GA imekuwa AA, hapo wanashukiwa ndugu zake, A3F na A3D na A3H. Tatu, peleka sikwensi zako kwenye programu inaitwa Hypermut, iko kwenye hifadhidata ya sikwensi za VVU ya Los Alamos, bure. Zipange kwanza sambamba, ya juu kabisa iwe ndo ya kulinganishia, yeye anahesabu G zilizogeuka A mahali ambapo jamaa wanapenda, analinganisha na mahali ambapo hawapendi, anakupa uwiano na thamani ya P, namba ya kukuonyesha kama tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Angalizo, ya kulinganishia ukiweka ya aina nyingine kabisa ya VVU utapata vurugu, kwetu Afrika Mashariki aina A, C, D na mchanganyiko wake ziko nyingi, chagua inayofanana na ya mgonjwa wako au sikwensi nyingine ya mgonjwa huyo huyo.

Na hapa ndo pana mtego wenyewe. Badiliko la M184V (asidi amino M ya nafasi ya 184 imekuwa V) ambalo watu wa lamivudini, ile dawa ya VVU, mnalijua linatokana na ATG kuwa GTG, A imekuwa G, hilo A3G hahusiki. Lakini M184I ni ATG kuwa ATA, G imekuwa A, na kodoni inayofuata inaanza na G, kwa hiyo ni GG kuwa AG, saini ya A3G kabisa. M230I vilevile. Kwa hiyo ukiona M184I peke yake, huku sikwensi imejaa TAG, usiandike haraka kwamba mgonjwa ana usugu wa lamivudini, inawezekana kirusi kilichobeba hilo badiliko hakijawahi kuamka tangu A3G amguse. Hifadhidata ya usugu ya Stanford inakuwekea alama kwenye mabadiliko ya aina hii, soma ile alama, usishuke moja kwa moja kwenye jedwali la rangi. Na kwa msomaji ambaye ni mgonjwa: hii ni kazi ya kusoma kipimo, haihusiani na wewe kuacha au kubadilisha TLD yako, yaani vidonge vyako vya VVU, hilo la daktari wako.

Mwisho kuna suala la tofauti kati ya mtu na mtu. Andika rs8177832 kwenye dbSNP, hifadhidata ya NCBI ya tofauti za DNA. Hiyo ni herufi moja ya DNA inayobadilisha asidi amino ya 186 kutoka H kuwa R, kwenye FASTA yako ni mstari wa nne herufi ya sita. Angalia safu ya Waafrika na safu ya Wazungu, utaona kwetu ipo kwa wingi na kwao ni chache. Mwaka 2004 utafiti wa Marekani ulisema Wamarekani weusi wenye R mbili walielekea kwenye UKIMWI haraka zaidi. Mtu akisoma hiyo peke yake anaanza kuhubiri. Lakini mwaka uliofuata kundi lingine likapima jeni nzima kwa wagonjwa wa Ufaransa, halikuona uhusiano, na kumbuka kule hiyo R yenyewe ni adimu, kwa hiyo hata kutoona kwao kunahitaji kusomwa kwa makini. Ukikuta jeni imefungwa na ugonjwa kwa utafiti mmoja, angalia walipimwa watu gani na wangapi ndo uendelee.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukua APOBEC3F, UniProt Q8IUX4, asidi amino 373, tafuta vyumba vyake, na usitegemee SWSPC peke yake maana kule herufi moja inaweza kukubadilikia, tafuta PC halafu C baada ya herufi mbili mpaka nne, kisha rudi nyuma uitafute H na E yake. Ukimaliza chukua APOBEC3A, P31941, huyo ni mfupi, 199 tu, na baina ya C na C utakuta nafasi nne badala ya mbili. Chumba chake ni kimoja. Ukipata viwili kwa A3A ujue umekopi faili mbili zimeungana, futa uanze upya.